Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: pa kuanzia kabla ya kupiga Windows

Ukipeleka kompyuta nzito kwa fundi pale Ngamiani, Tanga, mara nyingi mazungumzo huwa mafupi. "Fundi, mashine yangu imekuwa nzito, nikiiwasha naenda kuoga narudi bado inazunguka." "Iache hapo, tutaipiga Windows, uje jioni." Jioni unaichukua nyepesi. Baada ya mwezi imerudi vilevile, kwa sababu kilichoifanya iwe nzito hakikuguswa: hadi diski (hard disk) inayokufa bado imo ndani, vumbi bado limeziba feni, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) bado ni ile ile ya GB 2. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kunaondoa uchafu wa programu tu. Na kama hakuna aliyenakili mafaili kwanza, picha za familia zinaondoka pamoja nao.

Kompyuta nzito ni kompyuta inayosubiri kitu. Kabla ya kufuta au kununua chochote, jua inasubiri nini: diski, RAM, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyopunguzwa kasi na joto au chaja, au mtandao. Hatua zifuatazo ni za Windows 10 na 11, kwa kompyuta ya mezani na laptopu, na zimepangwa kuanzia zisizogharimu kitu.

Itenganishe kompyuta na bando

Zima Wi-Fi, kisha fungua vitu vilivyomo ndani ya mashine yenyewe: hati ya Word, folda ya picha, kikokotoo. Vikifunguka haraka, na ni kurasa za mtandaoni tu zinazosuasua, basi kompyuta haina kosa. Mara nyingi anayekula bando ni Windows yenyewe, inapakua masasisho kupitia hotspoti ya simu bila kukuuliza. Ingia Settings, halafu Network & internet, fungua jina la mtandao wako na uwashe Metered connection. Sehemu kubwa ya upakuaji huo itasimama.

Tazama na saa iliyo kwenye kona ya kioo. Kama kila ukichomoa kompyuta kwenye umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, inapatikana hata kwa mafundi saa. Tarehe isipokuwa sahihi, tovuti nyingi zinagoma kufunguka, na lawama zote zinakwenda kwa kampuni ya simu.

Soma kipimo

Chagua Restart, si Shut down. Windows ina mtindo uitwao Fast Startup: ukichagua Shut down, moyo wa mfumo hauzimwi, unahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ulivyo. Mashine "inayozimwa kila usiku" inaweza kuwa na wiki tatu haijaanza upya. Restart ndiyo inayofuta kila kilichobaki kwenye RAM, si mafaili yako, na kuanza kwenye ukurasa mweupe.

Ikishawaka, isubiri dakika tano bila kufungua chochote. Kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Task Manager itafunguka. Ukiona dirisha dogo, bonyeza More details. Nenda sehemu ya Performance na usome mistari mitatu.

CPU (prosesa). Ikiwa juu ya 80% wakati hufanyi kitu, rudi sehemu ya Processes, bonyeza kichwa cha safu ya CPU, na programu inayokula zaidi itapanda juu kabisa. Hapo hapo kwenye ukurasa wa CPU kuna Up time, inayoonyesha mashine imewaka tangu lini, na Speed, ambayo tutairudia kwenye joto.

Memory. Ikishapita 85% ukiwa na kivinjari na Word tu, RAM haitoshi. Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole mno kuliko RAM. Ndiyo maana uhaba wa RAM huonekana kama ugonjwa wa diski.

Disk. Hapa ndipo kompyuta nyingi za zamani zinapokwama, kwa hiyo tukae kidogo. Picha ya kawaida ni hii: hujafungua chochote, CPU iko 6%, Memory 55%, Disk 100%. Ukishuka chini unaona diski inasoma MB 1.5 tu kwa sekunde. Inakuwaje imejaa kazi na haileti kitu? Hadi diski ya laptopu kwa kawaida ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono unaotembea kutafuta data. Ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo hufika karibu MB 100 kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na mkono unatumia muda wake mwingi kuhama badala ya kusoma. Kasi inashuka hadi MB 1 au 2 hata kama diski ni nzima kabisa. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina mkono wala sahani, ndiyo maana haiteseki hivyo.

Kinachotofautisha uchovu na ugonjwa ni Average response time, iliyo kwenye ukurasa huo huo. Chini ya milisekunde 30 ni sawa. Kupanda hadi mamia wakati wa kuwaka, kisha kushuka, ni kawaida kwa hadi diski. Ikibaki kwenye mamia au elfu dakika 20 baada ya kuwaka, shuku diski yenyewe.

Diski ikishukiwa, nakili kwanza

Hakuna hatua nyingine inayotangulia hii. Nunua au azima diski ya nje, nakili picha, hati na kazi za watoto za shule, kisha ndipo upime. Watu hukimbilia kuendesha chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski, ambayo husoma kila pembe ya diski kwa saa kadhaa. Diski inayokaribia kufa inaweza kufia humo humo, na kila kitu kikaenda nayo.

Ukishanakili, weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Rangi ya buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. Usiishie kwenye rangi. Tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu maeneo mabovu ambayo diski imeshayakimbia, wa pili maeneo yanayoshukiwa, wa tatu yaliyoshindikana kusomwa. Yote mitatu inatakiwa kuwa sifuri. Fahamu kuwa programu hiyo huonyesha namba kwa mtindo wa kompyuta wenye herufi A hadi F, hivyo ukikuta 1F usishangae: ni 31. C5 inayoongezeka wiki hadi wiki maana yake ni kubadili diski, bila mjadala. Diski inayotoa mlio wa tik-tik-tik usiipime kabisa. Nakili kile unachohitaji zaidi na uizime.

Kukatika na kurudi kwa umeme ni chanzo kimoja cha maradhi haya. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa moja kwa moja ukutani inazimika katikati ya kuandika, na faili za mfumo zinabaki nusu. Kifaa cha kulinda friji hukata umeme usiofaa lakini hakishikilii kompyuta hata sekunde moja. Kinachotakiwa ni UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ya VA 650 inatosha kompyuta moja ya kawaida na kioo chake, ikakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye upande wa betri wa UPS, inavuta umeme mwingi mno inapopasha.

Usafishaji usio na gharama

Zinazowaka zenyewe. Ndani ya Task Manager fungua Startup. Zima programu za kupiga simu za video, za muziki, vikumbusho vya printa na visasishaji usivyovitumia kila siku. Acha kinga ya virusi, sauti, padi ya kugusa na kadi ya picha. Kuzima hapa hakufuti programu. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe.

Nafasi. Diski ya C ikijaa hadi ikabaki na GB 2 au 3, Windows haina pa kufanyia kazi. Lenga kuacha 15% hadi 20% wazi. Ingia Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Kama mashine ilipandishwa toleo hivi karibuni, mabaki ya Windows ya zamani pekee yanaweza kuzidi GB 10. Lakini soma kila tiki kabla ya kubonyeza: kwenye orodha hiyo imo pia folda ya Downloads, na huko ndiko wengi wanakohifadhi vyeti na fomu zao bila kujua. Toa tiki hiyo.

Kinga mbili. Antivairasi mbili zikiwa hai kwa wakati mmoja, kila faili unalofungua linakaguliwa mara mbili. Bakiza moja. Ile inayokuja na Windows inatosha nyumbani, mradi inasasishwa.

Virusi vya flashi. Ukichomeka flashi na mafolda yote yamegeuka shotikati, mashine iliyotangulia ina virusi, na huenda yako sasa inavyo pia. Usibofye shotikati hata moja. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima, ijiwashe tena na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Baada ya kusafisha virusi, fungua Command Prompt na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kivinjari. Ondoa viongezo usivyovijua, na kwenye mipangilio ya arifa futa ruhusa za tovuti zote zinazokurushia matangazo kwenye kona ya kioo. Hizo si virusi. Uliziruhusu mwenyewe siku ulipobonyeza Allow ili video icheze.

Kwenye hadi diski, acha Windows ijipange yenyewe kwa ratiba yake ya Optimize Drives. Kwenye SSD usitumie programu za nje za kupanga diski: haziongezi kasi na zinaila bure.

Joto, vumbi na chumvi

Tanga ina yake. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, chumba cha bati kisicho na dari mchana ni tanuri, na prosesa haiwezi kupoa chini ya joto la chumba ilimo. Nyumba za Raskazone na Sahare zinapata upepo wa bahari wenye chumvi. Katikati ya mji ni vumbi la barabara na masizi ya jiko la mkaa, yanayoshikana na vumbi kuwa utandu wa mafuta.

Prosesa ikifika karibu nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Dalili yake ni mashine inayoanza vizuri asubuhi, na baada ya nusu saa inakuwa nzito huku feni ikilia. Pima kwa Core Temp au HWiNFO, zote za bure. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 60 ni sawa kwa hali yetu. Ikifanya kazi nzito, hadi 85 inavumilika. Ikipita 95, ifungue.

Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota, brashi laini ya rangi ya inchi 1, spiriti ya isopropyl ya 90% au zaidi, pamba, kifutio cheupe cha penseli na tyubu ya pesti ya joto. Gramu 1 au 2 zinatosha.

Zima, chomoa waya, toa betri kama inatoka, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa ubao. Kama betri ya laptopu imo ndani, ukishafungua kifuniko ichomoe kwenye ubao kabla ya jambo lolote.

Kwenye laptopu, kupuliza kwa nje hakutoshi. Vumbi linalodhuru limekaa kati ya feni na mapezi ya shaba, limeshonana kama kipande cha sufi, na ukipuliza kwa nje unalirudisha kwenye feni. Fungua kifuniko cha feni, livute kwa kibano. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni yasizunguke kwa kijiti cha mbao, maana kuzungushwa kwa kasi hiyo huua beringi zake.

Pesti ya joto hukauka ikawa kama chokaa. Ondoa kipoza joto kwa kulegeza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa kando yake, kila moja kidogo kidogo. Futa pesti ya zamani kwa pamba na spiriti mpaka pang'ae, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwa laptopu, au ya njegere ndogo kwa kompyuta ya mezani. Usiipake nene, kazi yake ni kujaza mianya tu. Kaza skrubu kwa mpangilio ule ule.

Hapo hapo chomoa vipande vya RAM utazame meno yake ya dhahabu. Karibu na bahari huwa yamefifia, mengine yana madoa ya kijani. Yasugue taratibu kwa kifutio, pande zote mbili, futa kwa spiriti, yaache yakauke, rudisha mpaka usikie vishikizo vikilia. Msasa usiutumie, unakwangua dhahabu yenyewe. Usafi huu peke yake umeponya mashine nyingi zilizokuwa zikiganda ovyo au kuwaka bila picha.

Baada ya hapo, chagua mahali pa kuiweka. Isikae mbele ya dirisha la upande wa bahari, wala sakafuni, wala ndani ya kabati lililofungwa. Kitambaa cha kufunika ni cha wakati imezimwa. Laptopu isiwekwe juu ya godoro, matundu yake ya hewa yako chini. Kama mnasafiri muda mrefu, ifungieni kwenye mfuko na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Kompyuta inayowashwa mara kwa mara hujikausha yenyewe, inayokaa bure ndiyo inayoota kutu.

Nzito kwenye chaja tu

Laptopu nyingi za Dell zinatambua chaja yake kwa pini nyembamba ya katikati. Pini ikikatika, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine inakataa kuchaji betri na kushusha prosesa mpaka chini ya GHz 1. Mtu anapiga Windows mara mbili, tatu, bila nafuu. Kipimo chake ni rahisi: kwenye Task Manager tazama Speed ukiwa na chaja, kisha ichomoe utumie betri. Kasi ikipanda ulipochomoa, tatizo ni chaja au soketi yake. Laptopu za kampuni nyingine nazo husumbua zikipewa chaja yenye wati pungufu. Soma kibandiko cha chini na ulinganishe.

Ukinunua, nunua kwa mpangilio huu

Kama Task Manager inaonyesha HDD, yaani hadi diski, kitu cha kwanza ni SSD. Hakuna pesa nyingine itakayoonekana kama hii. SSD ya SATA (njia ya kuunganisha diski na ubao) ya inchi 2.5 hufika karibu MB 500 kwa sekunde. Hata kwenye ubao wa zamani wa SATA II, ambako inaishia karibu MB 270, tofauti ya kuwaka ni ya dakika kuwa sekunde. GB 240 au 256 zinatosha Windows na kazi za kawaida. Laptopu za zamani zina nafasi ya unene wa milimita 9.5 na SSD ni milimita 7, kwa hiyo omba fremu ya kujazia. Ukinunua ile ndogo ya M.2, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, hakikisha kama ubao wako unataka ya SATA au ya njia nyingine iitwayo NVMe. Zinafanana kwa umbo lakini si kila nafasi inapokea zote mbili.

SSD na flashi za kughushi zipo sokoni: imeandikwa GB 512, ndani ni GB 32, na faili unaloliandika baada ya hapo linapotea. Kabla ya kuiwekea chochote, ijaze kwa programu ya bure ya H2testw na uthibitishe. Kuhamisha Windows ilivyo kunawezekana kwa programu ya bure ya Clonezilla, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Diski ya zamani ikiwa nzima, itie kwenye kasha la USB ikawe ghala la picha.

RAM ni ya pili. GB 8 ndiyo kipimo cha kufanya kazi kwa raha leo. GB 4 ni ya kuvumilia. Task Manager, upande wa Memory, inaonyesha nafasi zilizotumika na zilizobaki. RAM ina vizazi: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Ndani ya DDR3 kuna ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35, laptopu iliyoundwa kwa DDR3L inaweza kukataa ile nyingine. Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi. Na kama Windows yako ni ya biti 32, kuongeza RAM zaidi ya GB 4 hakusaidii, haitaiona.

Sasa ndiyo zamu ya kupiga Windows

Diski nzima, joto sawa, RAM ipo, na bado nzito? Jaribu kwanza kutengeneza faili za mfumo. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi na uendeshe moja baada ya nyingine. Ya kwanza inahitaji intaneti:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Isipotosha, piga Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe. Zile nakala za Windows zilizokwisha "kuaktivetiwa" zinazozunguka kwenye flashi za maduka mara nyingi zimezimwa masasisho na kinga, na nyingine zimebeba wageni wasiokaribishwa. Ukimkabidhi fundi, mwambie wazi: "Fundi, kabla hujafuta, nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads, nami nihakikishe zinafunguka." Akibadilisha kifaa chochote, omba cha zamani urudi nacho.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, kipande cha usalama kilichomo kwenye mashine, na prosesa iliyo kwenye orodha yake, kwa hiyo mashine nyingi za kabla ya 2018 haziingii. Kwa hizo, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inaendeka vizuri kwenye GB 4 za RAM na SSD ndogo. Inafungua hati za Word kwa LibreOffice, na unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Jaribu printa, Wi-Fi na sauti ukiwa kwenye flashi hiyo. Vikifanya kazi vyote, ndipo uisakinishe.